Mpokezi wa Ndege ya Kumi na Moja

Lavonne Tidwell alizaliwa na mikono mirefu kupita kimo chake. Huko kwao Greenville, kando ya mto Mississippi, mama yake aliamini kuwa Mungu hatoi mikono kama ile bure, akamkalisha mbele ya piano ya kanisa kila Jumatano kwa miaka miwili. Piano ikamshinda, au, ukiwauliza shangazi zake, yeye ndiye aliyeishinda piano, maana haikupata kulia sawasawa tena. Hakuna aliyefikiri kuwa mikono ile ingekuja kutafutwa na watu walio angani.

Sasa alikuwa na miaka ishirini na saba, baharia wa jezi ya njano kwenye manowari ya kubeba ndege, na watu wa nyumbani walipomwuliza anafanya kazi gani hasa, alijibu kwa mkato: "Napaki magari ya watu."

Si uongo. Ila magari yenyewe yana mabawa, kila moja lina uzito wa lori lililoshiba mzigo, na yanafika injini zikiunguruma kwa nguvu zote, kwa sababu rubani anayetua baharini haruhusiwi kuamini kuwa amefika mpaka kulabu ya mkiani iwe imenasa waya. Waya ukishika, ndege inasimama kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Hapo ndipo jezi ya njano anapojitokeza mbele ya pua yake, mikono juu, na kuanzia hapo rubani hana macho mengine. Haoni bawa lake linakaribia nini, wala mkia unapita juu ya nani. Mikono ikisema njoo, anakuja. Ikisema kata kulia, anakata. Ikipotea machoni pake hata kwa kufumba na kufumbua, anasimama palepale. Na nyuma, juu ya maji, ndege nyingine imeshajipanga kuja. Ina kama dakika moja.

Katika kelele zile unaweza kumtukana mtu sikioni na akakushukuru. Kwa hiyo kila kitu husemwa kwa mikono, na mikono ina sheria moja iliyo mama wa zote: ishara ya juu ya kiuno ni ya rubani, ishara ya chini ya kiuno ni ya watu wa sitahani. Hazichanganywi. Mtu wa jezi ya njano mbele ya ndege inayounguruma hajikuni kichwa, hafukuzi nzi, hajifuti jasho. Wenye kazi hii hujulikana hata wakiwa nchi kavu: kwenye harusi husimama mikono nyuma kama watoto walioonywa.

Lavonne alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka minne, katikati ya sitaha, akizipokea ndege kutoka kwa wenzake na kuzipitisha kwa wengine mpaka zifike pa kufungwa minyororo. Kilichobaki kilikuwa kiti cha enzi: kuwa mpokezi. Mpokezi ndiye anayesimama karibu na nyaya, ndiye anayemkuta rubani wakati moyo wake bado uko hewani, ndiye anayemtoa mle ndani na kumvusha mstari mwekundu ili njia iwe wazi kwa anayefuata. Alikuwa ameshafaulu mtihani wa kuandika. Alikuwa ameshapokea ndege arobaini huku mwalimu akiwa amemshika mkanda kwa nyuma. Alibakiwa na jambo moja tu: kupokea kundi zima peke yake, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, bila ndege hata moja kurudishwa hewani kwa ajili yake.

Jambo hilo lilipaswa kufanyika mwezi wa nane. Lakini mwezi wa nane mtu mmoja wa ghala la chini, kule zinakolazwa ndege, alivunjika mguu, na Lavonne akateremshwa kushika nafasi yake kwa wiki kumi. Aliporudi juu, safari ya miezi saba ilikuwa inaishia. Sasa meli ilikuwa inavuka Atlantiki kuelekea Norfolk. Kesho asubuhi ndege zote zingeruka kwenda makwao, kama ilivyo desturi, na meli ingeingia bandarini sitaha ikiwa tupu. Baada ya hapo Lavonne angekaa nchi kavu miaka mitatu. Karatasi ya mtihani huo ikitiwa saini, angekwenda Pensacola, kwenye shule ya sitaha, kuwafundisha wanaoanza. Isipotiwa saini, walikuwa wameshamwandikia nafasi nyingine: stoo ya bweni la mabaharia, kugawa mashuka na mito.

Leo saa nane mchana zingetua ndege kumi na mbili. Ndizo za mwisho.

*

Kabla ya ndege kuruka au kutua, watu wote wenye nafasi hupanga mstari ubavu kwa ubavu, ukingo wa kulia hadi wa kushoto, na kuitembea sitaha nzima polepole wakiinamisha vichwa. Wanatafuta kitu chochote ambacho injini inaweza kukimeza: skrubu, kokoto, kipande cha waya. Mpishi hutembea, karani hutembea, hata kasisi hutembea. Mgeni angedhani ni mazishi ya mtu mdogo sana aliyepotea.

Lavonne alitembea kando ya Kaleo Mahoe, mwenzake wa jezi ya njano, mtu wa Hilo, Hawaii, mwenye mabega kama mlango na kicheko cha kuazimisha jirani.

"Umelala?" Kaleo akamwuliza.

"Nimelala."

"Muongo. Una macho ya samaki wa jana."

"Na we una uso wa samaki wa juzi, mbona sijasema?"

Mwanamke wa jezi ya bluu aliyekuwa upande wa pili wa Lavonne akacheka bila kuinua kichwa. Jina lake Ofelia Rendon, mkuu wa kikosi cha minyororo na kabari. Alijiunga na jeshi la maji akiwa na miaka thelathini na mbili na watoto wawili, na kwa sababu hiyo kila mtu alimwita Mama Rendon, hata waliomzidi umri.

"Mwacheni mtoto wa watu," alisema. "Leo ana mtihani. We Kaleo, buti zako umezimaliza kupamba?"

"Zimekauka jana, Mama. Kasa wawili wa kijani, kila buti na kasa wake. Yule fundi wa rada ana mkono wa malaika."

"Buti zitatupwa baharini na bado unazichorea kasa?"

"Ndiyo maana nimechora kasa. Wajue njia."

Ilikuwa desturi ya meli ile. Chumbani kwa jezi za njano kulikuwa na ubao, na kwenye ubao majina yao yote. Ndege ikirudishwa hewani kwa sababu njia haikuwa wazi, jina la aliyesababisha liliwekewa alama nyekundu. Mtu akimaliza safari nzima bila alama, basi ndege ya mwisho ikisharuka, buti zake kuukuu zilifungwa kwenye manati ya mvuke inayorusha ndege, zikarushwa baharini mbele ya watu wote, na watu wakapiga makofi kama mtu ameoa. Ilikuwa miaka minne haijatokea. Kaleo, kwa miezi saba, hakuwa na alama hata moja. Alikuwa ameshamwandikia baba yake na kaka zake watatu, na mmoja wao alikuwa ameagiza apelekewe picha ya video.

"Nimepata," Lavonne akasema, akainama. Ilikuwa pini ndogo, fupi kuliko ukucha.

"Ishara njema," akasema Kaleo.

"Ishara kuwa mtu wenu wa matengenezo hafagii," akasema Mama Rendon, akanyoosha mkono, akaitia kwenye kifuko.

*

Msimamizi wa mtihani alikuwa Hiram Castellow, mtu mkavu wa Nebraska, miaka ishirini na mbili sitahani, masikio yameshaharibika kiasi kwamba alizungumza kwa sauti ya juu hata kanisani. Alimkuta Lavonne akifunga kofia yake ngumu chini ya mnara.

"Tidwell!"

"Naam, afande."

"Mimi nitasimama nyuma yako hatua kumi. Sitakushika mkanda. Sitakukoholea. Ukianguka, nitakuokota, lakini karatasi nitaichana. Umeelewa?"

"Nimeelewa, afande."

"Unaogopa?"

"Kidogo, afande."

"Vizuri. Asiyeogopa namtuma jikoni." Akageuka kuondoka, kisha akarudi. "Umekunywa maji?"

"Nimekunywa."

"Kunywa tena."

Lavonne akanywa tena. Bahari ilikuwa shwari, upepo wa mwezi wa kumi mkavu na wenye meno, jua likipiga kisogoni. Kaleo alikuwa amepangwa nafasi inayomfuata, ng'ambo ya mstari mwekundu: kila ndege ambayo Lavonne angeitoa kwenye nyaya, angempa yeye. Kumpa maana yake ni hivi: unamwonyesha rubani kwa mkono, mwangalie yule pale. Lakini hutoi mpaka yule pale awe amekutazama na kuinua mikono kuonyesha yuko tayari. Ndege haina nusu saa ya kutokuwa na mwenyewe. Haina hata nusu nukta.

Ya kwanza ikaja. Ikapiga sitaha kwa kishindo kinachoingia kwenye magoti, ikanasa waya wa tatu, ikavutika, ikasimama. Lavonne alikuwa ameshakimbia na kusimama mahali pake kabla moshi wa magurudumu haujatawanyika. Akaiacha irudi nyuma kidogo ili waya ulegee. Akaonyesha: inua kulabu. Mtu wa jezi ya kijani nyuma kule akathibitisha kuwa waya umeachia. Kunja mabawa. Njoo. Njoo haraka. Kata kulia. Ndege ikageuza pua kama ng'ombe anayejua zizi lake, ikavuka mstari, Lavonne akatazama, Kaleo mikono juu, akampa. Taa ya njia, iliyokuwa nyekundu, ikawa ya kijani. Nyuma, ya pili ilikuwa imeshakuwa kubwa.

Ya pili. Ya tatu. Ya nne iligusa sitaha lakini kulabu haikushika kitu, ikapaa tena, na hilo halikuwa shauri la Lavonne. Ni la rubani na ndugu zake watakaomcheka usiku. Ikazunguka, ikarudi, ikakamata. Ya tano. Ya sita alikuwa rubani aliyependa kukanyaga breki kama anayeua mende, na Lavonne akampunguzia mwendo kwa viganja, polepole, polepole, mpaka akatulia. Kufikia ya saba hofu ilikuwa imemtoka bila yeye kujua ilitokea wapi, ikabaki ile raha ambayo hakuwahi kuweza kumweleza mama yake kwenye simu: mtu mwenye uwezo wa kwenda kokote duniani anakutazama wewe tu, na anakwenda pale unapomwambia, na mnaachana bila kuonana sura.

Ya nane, ya tisa, ya kumi. Akampa Kaleo ya kumi, akageuka.

Ya kumi na moja ilinasa waya wa pili. Ndani alikuwa rubani mgeni, aliyejiunga na kundi wiki sita tu zilizopita. Kulabu ikapanda vizuri. Mabawa yakakunjwa. Lavonne akamwita, akamkatisha kulia, pua ikavuka mstari, na mwili ukafuata. Ilibaki kipande cha mkia, kama urefu wa meza ya kulia chakula, bado ndani ya njia. Lavonne akageuza macho kumtafuta Kaleo ili ampe.

Kaleo alikuwa amesimama mahali pake. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu, imefunguka, inapepea.

Lakini alikuwa amempa mgongo.

Lavonne aliona mgongo ule wa njano na mikono ile iliyoinuliwa, na kwa muda mfupi kuliko wa kuusimulia akaelewa mambo matatu. Kaleo hakuwa akimpokea mtu. Alikuwa akiagana na mtu aliyekuwa upande wa mbele. Rubani wa kumi na moja, ambaye alikuwa anajua kuwa mikono inayofuata itainuka pale, alikuwa ameshaiona ikiinuka, na injini yake ilikuwa inaanza kupanda sauti. Na kati ya rubani na Kaleo, akiwa amepiga magoti kando ya gurudumu la ndege ya tisa iliyoegeshwa pembeni, mnyororo mapajani, alikuwapo Mama Rendon.

Lavonne akakunja ngumi mbili, akapishanisha mikono juu ya kichwa chake kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na kuingia mbele ya pua ya ndege hatua mbili zaidi ya anavyotakiwa mtu mwenye akili timamu. Simama. Simama hapo. Mimi bado ndiye wako.

Ndege ikainama pua, ikasimama.

Mkia ulikuwa ungali ndani ya mstari. Taa ikabaki nyekundu. Lavonne hakuwa na haja ya kutazama nyuma. Alisikia kwa tumbo lake jinsi ya kumi na mbili, iliyokuwa imeshakaribia kiasi cha kuhesabu magurudumu yake, ilivyonguruma, ikainua pua na kupita juu yao wote ikirudi hewani.

Kisha kipaza sauti cha mnarani kikalia, sauti ya Bosi wa sitaha, ambayo huwafikia hata waliokufa.

"Nani kamsimamisha huyo ndani ya njia yangu? Mtoeni! Mtoeni!"

Kaleo aligeuka. Aliona ndege, akamwona Lavonne, akamwona Mama Rendon akiinuka na mnyororo wake bila kujua lolote, na mikono ikashuka ubavuni kama nguo iliyodondoka kwenye kamba. Nukta moja. Kisha ikainuka tena, safari hii imeelekea mahali pake. Lavonne akampa ndege. Mkia ukavuka. Taa ikawa ya kijani.

Ya kumi na mbili ikazunguka, ikarudi, ikanasa waya wa tatu, na Lavonne akaipokea vizuri kuliko zote, kwa sababu hakuwa tena na cha kupoteza.

*

Chumba cha jezi za njano kiko chini ya sitaha, kidogo, chenye harufu ya mafuta, jasho na kahawa iliyochemshwa mara ya pili. Baada ya kila kundi kutua huingia humo, wanavua kofia, wanakunywa maji, na wanazungumza. Sheria ya mazungumzo ni moja, na ni ya zamani kuliko Castellow: unaanza na lako. Unataja kosa lako, na hutaji la mwingine mpaka mwenyewe alitaje. Ukimtaja mwenzio kabla hajajitaja, hata kama unasema kweli tupu, hakuna atakayekutazama usoni wiki nzima. Watu wanaokabidhiana ndege mikononi hawawezi kuwa watu wa kunyoosheana vidole.

Castellow alisimama kando ya ubao, kalamu nyekundu mkononi.

"Tidwell, mtihani ni wako. Anza."

Lavonne alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Ya kumi na moja niliisimamisha mkia ukiwa ndani, afande. Ya kumi na mbili ikarudishwa hewani. Nimeisimamisha mimi."

"Kwa nini?"

Kila mtu alijua kwa nini, au angalau wanne waliokuwa upande ule. Lavonne akatazama sakafu. "Sikuwa na wa kumpa. Nikaona nikae naye."

"Ukiambiwa urudie?"

"Ningemsimamisha tena, afande."

"Hm." Castellow akatazama karatasi yake. "Karatasi inasema hakuna ndege itakayorudishwa hewani kwa ajili yako. Haisemi isipokuwa hivi, isipokuwa vile. Endeleeni. Anayefuata."

Wakaendelea. Mmoja alisema aliita ndege ya tano mapema mno. Mwingine alikuwa amesahau glavu moja. Zamu ikafika kwa Kaleo, aliyekuwa ameegemea kabati lake, na ndani ya kabati lile, wote walijua, zilikuwamo buti mbili zenye kasa.

"Ya saba," akasema Kaleo. "Mkono wangu ulichelewa kidogo."

"Basi?"

"Basi, afande."

Mtu akakohoa. Lavonne hakuinua macho. Alijiambia kuwa mashuka nayo ni kazi. Kwamba bwenini kuna kiyoyozi, na watu hulala usingizi mzuri kwenye mashuka yaliyokunjwa vizuri. Alijiambia pia kuwa hatamchukia Kaleo, na akagundua, kwa mshangao kidogo, kuwa ni kweli. Mtu amengoja miezi saba. Ameshawaandikia kaka zake.

Castellow akafungua kifuniko cha kalamu. Akatafuta jina la Tidwell kwenye ubao, akainua mkono.

"Ngoja, afande," akasema Kaleo.

"Nini?"

"Sijamaliza langu."

Castellow hakugeuka. "Malizia basi. Wino unakauka."

"Ndege ya kumi aliyekuwamo ni Keola, afande. Rubani. Mtu wa kwetu, kasoma na dada yangu. Alipofungua kioo akanipungia mkono, akasema kwa ishara tutaonana nyumbani. Leo siku ya mwisho, na mimi…" Kaleo akajisugua uso kwa kiganja. "Na mimi nikageuka nikampungia. Mikono yote miwili. Juu ya kiuno. Huku ndege ya watu inakuja nyuma yangu."

"Mikono yote miwili!" akasema mmoja kutoka kona, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa fulani ameingia kanisani bila suruali.

"Yote miwili. Rubani wa kumi na moja akadhani namwita. Angekuja, afande. Na Mama Rendon alikuwa chini pale na mnyororo. Tidwell ndiye aliyemzuia. Ndege ile imerudishwa kwa ajili yangu mimi. Iandike kwangu."

Castellow akageuka pole pole. Alikuwa ameyaona yote kutoka hatua kumi nyuma. Hilo Lavonne alilisoma usoni pake wakati ule tu. Mzee yule angeiweka ile alama kwenye jina lake, sheria ikiwa sheria, kama Kaleo asingefungua kinywa.

"Miezi saba," akasema Castellow.

"Miezi saba, afande."

"Na buti umezipaka rangi."

"Nimezipaka rangi."

"Nimewahi kuona wajinga," akasema Castellow, "lakini mjinga wa siku moja kabla ya mwisho ni wa aina yake." Akaweka alama nyekundu kando ya jina la Mahoe, ndogo, nadhifu, akafunga kalamu. Kisha akaitandaza karatasi ya Lavonne juu ya mgongo wa Kaleo, akamwambia ainame, na kutia saini pale, akibonyeza kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika.

"Aaa, afande! Unachoma!"

"Tulia. Ungetulia hivi saa nane ningekuwa nimeshakula." Akamkabidhi Lavonne karatasi. "Pensacola wanafundisha watu kuita ndege. Kawafundishe na kuizuia. Na ule mwendo wa hatua mbili mbele ya pua usiwafundishe. Nikikusikia umewafundisha nitakuja mwenyewe kukunyang'anya jezi."

"Ndiyo, afande."

"Umekunywa maji?"

Chumba kizima kikacheka, na kabla Lavonne hajajibu, mtu alikuwa ameshammwagia chupa nzima kichwani.

*

Juu sitahani wapishi walikuwa wamewasha majiko ya mkaa, mapipa yaliyopasuliwa katikati, na moshi wa mbavu za nguruwe ulikuwa ukipepea pale ambapo saa moja iliyopita palikuwa na moto wa injini. Watu walikuwa wamejilaza kwenye chuma chenye joto bila viatu, wengine wanacheza karata, mmoja akimnyoa mwenzie. Lavonne alipanga foleni nyuma ya Kaleo, nywele zikiwa bado zinadondosha maji.

"Nakudai samahani," akasema Kaleo bila kugeuka.

"Mimi? Kwa lipi?"

"Umenitazama kwa huruma mle ndani. Sikupenda."

"Sikukutazama kabisa. Nilikuwa natazama ndoo."

"Ndiyo hiyo. Ungenitazama kwa hasira ningeweza kukaa kimya mpaka Norfolk." Akachukua sahani mbili, akampa moja. "Mtu akikuachia ukimya wake, unaanza kujisikia mwenyewe. Uongo wangu ulinikera masikio."

"Kaka zako utawaambia nini?"

"Nitawaambia Keola anawasalimu. Na kwamba salamu zake zimenigharimu."

Mama Rendon akawakuta hapo. Habari ilikuwa imeshamfikia, kwenye meli habari hazina ngazi. Alisimama mbele yao, uso una masizi, mikono kiunoni, akamwangalia Kaleo toka kofia hadi vidole.

"We," akasema. "Unampungia bwana'ko na mimi niko chini pale nafunga minyororo."

"Si bwana wangu, Mama. Kasoma na dada yangu."

"Hata angekuwa kasoma na Yesu! Nina watoto wawili wananingoja gatini na mabango. Mdogo kaandika jina langu kwa pambo la kumetameta, katumia pambo la mwaka mzima." Akampiga kofi la bega, si la mchezo sana. Kisha akamwinamisha kichwa kwa mkono mmoja, akambusu juu ya nywele zilizonyolewa, na kumsukuma aende. "Nenda kule. Niletee mbavu, zenye nyama, siyo mifupa unayowaletea maadui zako."

Kaleo akaenda, mtiifu, huku watu wa foleni wakimpungia mikono yote miwili, mmoja baada ya mwingine, hadi mwisho wa foleni.

Mama Rendon akabaki na Lavonne. Hakusema asante, hakuwa mtu wa neno hilo. Alimtazama tu, kisha akamshika mkono mmoja, akaugeuza kiganja juu, akaupima kwa mkono wake kama anayepima kitambaa dukani.

"Mirefu kweli," akasema. "Sasa Pensacola wanakupeleka lini?"

"Januari."

"Mkubwa wangu atamaliza shule mwakani. Anasema anataka jezi ya njano. Nimemwambia asahau, aende akasomee meno." Akauachia mkono. "Lakini hasikii. Akija kwako, usimwonee huruma."

"Nitamsimamisha siku nzima juani, Mama."

"Ndiyo hivyo," akasema Mama Rendon, akapokea sahani kutoka kwa Kaleo aliyekuwa amerudi mbio, akaikagua, akarudisha ubavu mmoja wenye mifupa mingi, na wote watatu wakakaa chini kwenye chuma cha moto kula.